Tangu aanze sindano za saratani, mume wangu amehamia sebuleni

Somo, assalamu alaikum.

Haya ninayoandika ni ya chumbani, na mimi nimelelewa kuyafunika. Lakini nimefika pahali sina wa kumwambia.

Nina miaka 58, mume wangu ana 66. Alifanya kazi bandarini Kilindini, upande wa makontena, hadi alipostaafu. Tunaishi Mji wa Kale, ghorofa ya pili, nyumba ya wazee wake. Watoto wameoa na kuolewa, tumebaki sisi wawili na mjukuu mmoja anayesoma.

Mwaka jana alianza kuamka kila mara usiku kwenda msalani, na mkojo wenyewe watoka kwa shida. Akapimwa damu, PSA, kile kipimo cha tezi dume, ikaonekana iko juu sana. Akatolewa vinyama vya tezi dume, vikapelekwa maabara. Ikawa saratani. Daktari alisema imeanza kutoka nje ya tezi lakini haijafika kwenye mifupa, na kwamba atatibiwa kwa mionzi pamoja na sindano ya homoni ya kila miezi mitatu, kwa miaka miwili au zaidi. Mionzi ameimaliza, alhamdulillah. PSA imeshuka karibu na sufuri. Watu wakatupongeza.

Habari ya sindano zenyewe hakuna aliyetueleza. Au labda tulielezwa na hatukusikia, maana siku ile masikio yalikuwa yamezibwa na hofu.

Somo, huyu si mume niliyemjua. Joto linampanda ghafla kutoka kifuani hadi utosini, jasho linamtiririka, halafu dakika chache baadaye anatetemeka kwa baridi. Usiku humjia hata mara tano, sita. Ijumaa moja kanzu ilimlowa msikitini hadi mtu wa pembeni akamuuliza kama ana homa. Tangu siku hiyo anaswali nyumbani. Barazani pia haendi. Alikuwa mtu wa kahawa kila jioni na wenzake, mbishi wa siasa na mpira. Sasa wakimwita kutoka chini, ananiambia niseme amelala.

Tumbo limetoka, mapaja yamekonda. Kupanda ngazi zetu lazima apumzike katikati. Kifua kimemvimba kidogo na chuchu zinamuuma zikiguswa, basi hataki kuvua fulana hata mbele yangu. Juzi alilia akitazama taarifa ya habari, nikajifanya sioni. Kesho yake alimfokea mjukuu kwa sababu ya kijiko.

Na la chumbani, hakuna. Tangu sindano ya pili hakuna kabisa. Si kwamba anajaribu akashindwa, hata mkono wangu haushiki. Huu mwezi wa tatu analala sebuleni, asema ni joto. Wifi yangu amesikia, naye amekuja na yake: ama ndugu yake amefanyiwa mambo, ama ana mwanamke ng'ambo ya Likoni, maana wanaume hawabadiliki bure. Mimi najua haendi popote, hata mkate wa jioni siku hizi namtuma mtoto. Lakini usiku nikiwa peke yangu maneno ya wifi yananirudia.

Lililonifanya niandike ni hili. Nimekuta chupa chini ya kochi, dawa ya majimaji meusi, imeandikwa kwenye karatasi kwamba ni ya nguvu za kiume. Nilipomuuliza alisema ameuziwa na mtu Kongowea, na kwamba sindano inayokuja, wiki tatu kutoka sasa, haendi. "PSA imeshuka, nimepona. Kinachoniua sasa ni dawa." Ana presha pia, na vidonge vyake anameza.

Nimzuie vipi bila kumvunjia heshima? Hali hii ina dawa? Na Ramadhani inakaribia, ataweza kufunga?

Mke wa Mji wa Kale

*

Wa alaikum salaam, shoga yangu.

Tuanze na chupa, mengine yatangoja. Usiimwage kwa ugomvi, lakini asiinywe. Dawa za namna hiyo zikipimwa maabara, nyingi zimekutwa zimetiwa kisirisiri sildenafili, dawa ya hospitali ya kusimamisha, kwa kipimo ambacho hata muuzaji hakijui. Mtu wa presha akiichanganya na vidonge vyake anaweza kuporomoka akaanguka, na akiwa anatumia dawa za moyo za jamii ya nitrati, mchanganyiko huo unaweza kumuua. Ikiwa haina hiyo, huenda ina kitu cha kupandisha testosteroni, homoni ya kiume. Basi tazama hesabu yake: analipia sindano ya kuzuia testosteroni, kisha anatoa pesa nyingine kwenda kuinunua Kongowea. Ifungeni kwenye mfuko, mwende nayo kliniki, daktari aione.

Sasa la wifi. Mumeo hakufanyiwa mambo na mtu. Saratani ya tezi dume hulishwa na testosteroni, ambayo kwa sehemu kubwa hutengenezwa na korodani. Jambo hili lilionyeshwa tangu mwaka 1941 na Charles Huggins na mwenzake huko Chicago: wagonjwa waliotolewa korodani, saratani yao ilirudi nyuma. Huggins akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Siku hizi kisu si lazima. Sindano kama goserelini, inayouzwa kwa jina la Zoladex, hupigwa chini ya ngozi ya tumbo, na ile ya miligramu 10.8 hufanya kazi kwa wiki 12. Inaziba amri inayotoka kichwani kwenda kwenye korodani. Siku za mwanzo homoni hupanda kwanza, ndiyo sababu madaktari wengi hutanguliza vidonge vya kuikinga, kisha hushuka hadi kiwango cha mtu aliyehasiwa. Neno hilo ni zito na nimelitumia makusudi, kwa sababu hospitalini hulikwepa. Mwili wa mumeo umenyang'anywa, ndani ya wiki chache tu, kitu ulichokizoea tangu balehe. Angebaki vile vile, hapo ndipo wifi angekuwa na la kushangaa.

Na kushuka kwa PSA? Hiyo ni sindano na mionzi vikifanya kazi. Sindano huzituliza hata chembe za saratani zilizobaki, kwa hivyo namba ikiwa ndogo wakati dawa imo mwilini, hatuwezi bado kusema amepona. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti wa Ulaya juu ya wanaume ambao saratani yao ilikuwa imesogea mbele pale kwenye tezi na kando yake, kama ya mumeo. Wote walipata mionzi. Baadhi walitumia dawa za homoni kwa miezi 6, wengine kwa miaka 3. Baada ya miaka 5, kati ya kila wanaume 100 wa kundi la miezi 6 walikuwa wamefariki 19. Wa miaka 3, walikuwa 15. Tofauti ni watu wanne katika mia. Mimi naiona tofauti kubwa. Lakini mwili ni wake, na ana haki ya kuipima mwenyewe.

Ndiyo maana nakuambia usimzuie. Mwanamume aliyekwisha kupokonywa kauli juu ya mwili wake, ukimjia na amri nyingine atafunga mlango. Mpe swali la kwenda nalo: "Daktari, saratani yangu mimi, muda mfupi kabisa unaofaa ni upi, na nikipunguza nitapoteza nini?" Wapo madaktari wanaoishia miezi 18 kwa mgonjwa wa hali kama hii, na kwa saratani iliyo nyepesi zaidi hata miezi 4 hadi 6 hutosha. Huenda akajibiwa kwamba kwake yeye haiwezekani. Angalau atakuwa ameuliza. Kuchelewa siku mbili tatu kwa sababu ya makaratasi ya SHA, bima ya afya ya serikali, hutokea, mnapiga simu kliniki na kupanga upya. Kuacha kimya kimya ni jambo jingine, homoni itaamka na mionzi yote aliyovumilia itakosa mwenzake. Na mkienda, ingia naye chumbani kwa daktari. Usikae nje kwenye benchi. Miaka niliyofanya kazi wodini niliwaona wake wengi wakingoja koridoni na mikoba ya waume zao mapajani, na mume anatoka anasema, "Amesema niko sawa."

Tuje kwenye joto, maana hapa nyumba nzima mjuzi ni wewe. Hedhi ilipokatika, hukuwahi kuamka umelowa, ukatafuta kipepeo, ukamkaripia mtu kwa jambo dogo kisha ukalia? Ni lile lile. Homoni ikishuka, sehemu ya ubongo inayosimamia joto la mwili inakuwa nyepesi kushtuka. Badiliko dogo tu na inafungua mishipa ya ngozi, inamwaga jasho, inaupoza mwili ambao haukuwa na joto la kupozwa. Ndiyo maana anamaliza kwa kutetemeka. Wengi wa wanaotumia sindano hizi hupatwa nalo. Tofauti ni kwamba wewe lilikujia polepole, na ulikuwa na mashoga wa kulicheka nao harusini. Yeye limemvamia, na barazani hana wa kumwambia. Mweleze yaliyokupata, hata yale uliyomficha wakati ule.

Kisha mtafute kinacholiamsha. Kwa wiki mbili aandike saa lilipompanda na alichokuwa akifanya au amekula nini. Mimi naishuku kahawa. Kahawa tungu ya moto, tena yenye tangawizi, jioni, katikati ya watu, kwenye kichochoro kisicho na upepo: vinywaji vya moto, pilipili, kafeini, sigara na chumba kilichofungwa ni vichocheo vinavyojulikana. Simwambii aache baraza, Mungu aniepushe. Ashuke, aagize maji baridi, au kikombe akiache kipoe hata wakimcheka.

Usiku mwondolee shuka za nailoni, alalie pamba, avae kikoi chepesi. Feni ielekezwe miguuni hadi kifuani, taulo na chupa ya maji baridi viwe karibu ili asilazimike kuamka kabisa. Stima ikikatika, na kaskazi ikivuma mnajua itakatika, kitambaa cha maji shingoni na pumzi za polepole humsaidia mtu kulipitisha. Ijumaa avae kanzu ya pamba na fulana ndani, fulana ya pili awe nayo mfukoni, asimame safu iliyo chini ya feni au karibu na mlango. Limpate, aketi kidogo. Akiulizwa kama ana homa, jibu ni "dawa ninazotumia", na mazungumzo yameisha.

Yote hayo yasipotosha, kuna dawa. Mwongozo wa Uingereza huanza na medroksiprogesteroni, miligramu 20 kwa siku kwa wiki 10, kisha hali hutazamwa tena. Ipo pia venlafaksini, ya kundi la dawa za sonona, nayo hupunguza joto hili, ila inaweza kupandisha presha, kwa hivyo kwa mumeo lazima daktari aijue presha yake kwanza. Hizi ni za kuandikiwa. Asije akanunua homoni za kike dukani kwa sababu mtu amemwambia zinasaidia.

Uchovu wa ngazi na mapaja yaliyokonda vina chanzo kimoja: testosteroni ndiyo iliyokuwa ikishikilia misuli, na misuli ikienda mafuta hukaa. Kupumzika hakumsaidii, na hapa najua hataniamini. Kwa uchovu wa namna hii mazoezi yanashinda dawa. Alfajiri baada ya swala, kabla jua halijawa kali, kutoka Mji wa Kale hadi Mama Ngina ni mwendo wa kuvuta pumzi, na upepo wa bahari atapata bure. Nusu saa, siku tano kwa wiki, akianza na dakika kumi ikiwa ndizo anazoweza. Nenda naye, tena umchokoze kuhusu siasa njiani. Siku mbili katika wiki afanye kazi ya nguvu: kuketi na kuinuka kitini bila kushika kitu mara kumi, apumzike, arudie, kuinua vibuyu vya maji vya lita 5, kimoja kila mkono, na ngazi zenu, pole pole. Amuulize kwanza daktari kama mifupa yake iko salama kwa uzito.

Mifupa nayo hulika, kama ya mwanamke aliyekoma hedhi. Muulizeni daktari juu ya kipimo cha uzito wa mifupa, na vitamini D. Kalisiamu anayohitaji ni miligramu 1,000 hadi 1,200 kwa siku, nyingi ipatikane sahanini: maziwa, mtindi, dagaa wa kuliwa na miiba yao, simsim. Na ngazi za nyumba za Mji wa Kale mnazijua zilivyo wima na giza. Tieni taa, mkeka unaoteleza uondoke, kwa sababu mfupa uliokonda haungoji anguko kubwa.

Mahamri ya kila asubuhi punguzeni, na nyama ya mafuta. Sindano hizi husukuma juu sukari na lehemu, na mtu mwenye presha moyo wake tayari una mzigo. Kila anapokwenda kwa sindano ombeni presha ipimwe, na sukari na lehemu mara kwa mara. Wasipopima bila kuombwa, ombeni.

Kifua kuvimba na kuuma ni homoni hizo hizo, na hutokea zaidi kwa wanaotumia bikalutamidi, vidonge vya kuikinga testosteroni. Amwoneshe daktari mapema, kwa kuwa tiba zilizopo hufaa zaidi kabla uvimbe haujakomaa. Uvimbe mgumu wa upande mmoja, au chuchu inayotoa maji, usingoje tarehe ya kliniki.

Machozi na hasira, tena mlizungumze wazi mbele ya mjukuu, kwa kiasi cha umri wake: babu anatumia dawa inayomchezea moyo, si kosa lako. Mtoto akijua hatabeba lawama. Lakini tofautisha machozi yanayokuja na kwenda na giza linalokaa. Wiki mbili mfululizo hafurahii lolote, halali, hali, au anasema ni heri afe, hapo ni sonona, inatibika, na hiyo haingoji sindano ya wiki tatu zijazo. Mnakwenda siku hiyo.

Sasa chumbani. Uliandika kwamba hajaribu akashindwa, hataki tu. Umeliona sawasawa. Hamu hutoka kwenye homoni ile ile iliyozimwa. Hata vidonge vya kusimamisha, ambavyo daktari anaweza kumruhusu kwa masharti ya moyo na presha yake, husaidia mwili tu, hamu havileti. Wengine huona viungo vyao vimepungua hata ukubwa, na nadhani hilo nalo limemtia hofu bila kukwambia. Unaposoma ukimya wake kuwa hakutaki, yeye huenda anausoma mkono wako kuwa unadai deni asilo nalo. Ndipo anakimbilia kochi. Joto ni sababu ya kweli, lakini imemfaa kujifichia.

Mfungulie mlango kwa kumwondolea deni hilo kwa maneno, mchana, mkiwa mmevaa na kuketi, si usiku. Mwambie: nakutaka ulale karibu yangu, sitaki kingine. Kila mtu na shuka lake, feni kwake, mlango wa roshani wazi. Mkandane miguu. Jifukize udi saa ya magharibi, moshi uishe kabla ya kulala, maana chumba cha moshi na joto hakitamfaa. Waliooana miaka kama yenu wana namna nyingi za kuridhishana ambazo hazingoji sehemu moja ya mwili, na mengine hayo nikiyaandika hapa mhariri atayafuta. Kama yeye hana hamu na wewe unayo, hiyo pia iseme bila kulaumu. Wanaume hudhani wanawake wa umri wetu hatuna habari.

Mstari huu msomee yeye. Shemeji, salamu. Uliendesha kazi bandarini umri wako wote, unajua kinachoinuliwa lazima kiteremshwe kwa utaratibu. Sindano zikikoma, homoni nyingi hurudi, lakini polepole, miezi sita, mwaka, wakati mwingine zaidi, na kwa watu wa umri wako pengine hairudi yote. Sikufichi hilo. Unachopata kwa kuvumilia, daktari akueleze kwa hesabu za mwili wako, na ukimaliza kusikia ndipo uamue. Na wenzako wa barazani mwambie mmoja tu. Katika kundi la wazee wa miaka sitini na sabini, sitashangaa ukikuta kuna mwingine anayeshusha feni usiku. Mtu akikushauri ufanyiwe upasuaji wa korodani uepukane na sindano, jua kwamba hauna madhara pungufu. Ni yale yale, na hayarudi nyuma. Unamfaa mtu wa kutumia tiba hii maisha yake yote. Wewe una tarehe ya kumaliza.

Shoga, haya ni ya kupelekwa hospitali usiku huo huo, iwe Hospitali Kuu ya Pwani au iliyo karibu zaidi: maumivu mapya ya mgongo pamoja na miguu kulegea au kufa ganzi, mkojo kuziba, kifua kubana, pumzi kukata, au mguu mmoja kuvimba na kuuma. Lile la mgongo na miguu hasa, saa zina maana, kwa kuwa uti ukibanwa muda mrefu miguu haiwezi kurudi.

Ramadhani. Sindano yenyewe haimzuii kufunga. Jasho na presha ndivyo vya kutazamwa. Vidonge vya presha vinaweza kuhamishwa futari na daku, daktari akiona inafaa, hasa kama kimojawapo ni cha kukojoza. Maji anywe kidogo kidogo kutoka magharibi hadi daku, si jagi zima kwa mkupuo mmoja, kwa sababu kibofu kilichopitiwa na mionzi kitamwamsha usiku kucha. Pilipili za bhajia na kahawa ya baada ya tarawehe, mnakumbuka nilivyosema. Tarehe ya sindano ikiangukia mchana wa kufunga na ana wasiwasi nayo, amuulize sheikhe wake mapema, lakini isisogezwe kwa mwezi mzima. Kabla Ramadhani haijaingia, afunge Jumatatu moja au Alhamisi moja ya sunna akiwa na kipimo cha presha nyumbani, muone anafikaje magharibi. Akipata kizunguzungu au mkojo ukiwa mweusi, afungue siku hiyo hiyo. Mgonjwa amepewa ruhusa ya kulipa siku nyingine, na daktari akisema asifunge kabisa, kulisha maskini mnakujua.